Gari Lisipotii Uwanjani: Dalili, Vyanzo na Dawa Zake

Gari likianza kukohoa kwenye mzunguko wa tatu, watu watano wakiinama juu ya injini watakupa majibu matano: plagi, koili, pampu ya mafuta, sensa, petroli chafu. Kila mmoja ana sababu ya kusema anachosema, na hapo ndipo siku inapopotea, maana mtabadilisha kitu kimoja baada ya kingine hadi jua litue. Kabla hujashika spana, muulize dereva: linakohoa lini? Likiwa kwenye kona ndefu? Likivuka matuta? Mwisho wa sehemu iliyonyooka, injini ikiwa juu? Asubuhi likiwa baridi, au baada ya kukimbizwa dakika kumi? Jibu la swali hilo hufuta vyanzo vingi kwa mkupuo, na halihitaji kifaa chochote.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Nimewaandikia wanaokimbiza magari ya kawaida yaliyorekebishwa kidogo, Starlet, Vitz, Probox, Impreza na mengine ya aina hiyo, kwenye viwanja vya vumbi na mara mojamoja kwenye lami, katika ukanda huu wetu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret. Wenye magari yanayorekodi kila kitu kwenye kompyuta wana watu wao. Sisi wengine tuna macho, masikio, pua na daftari.

Hilo daftari lichukue kwa uzito. Kila gari linaporudi, andika upepo wa kila tairi, sindano ya joto ilifika wapi, na maneno ya dereva jinsi yalivyotoka kinywani, kabla hajapata maji ya kunywa na kuanza kuyapanga. Kisha badilisha kitu kimoja tu kabla hajaingia tena. Ukibadilisha viwili na gari likapona, hujui lililoponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Gari halina nguvu

Kama umetoka Kisumu na gari linaonekana limechoka likiwa Nakuru, huenda haliumwi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850 hivi, Eldoret karibu 2,100. Shinikizo la hewa ya Nakuru ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Moja ya tano imekwenda kabla hujawasha. Kisumu upungufu ni kama asilimia 13. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kulilinganisha gari lako na lenzake la aina ileile, uwanja uleule, siku ileile. Kama yote mawili hayana nguvu, acha injini ya watu.

Gari la kabureta ndilo linaloumia zaidi likipandishwa mlima. Hewa imepungua lakini jeti, kile kitundu kinachopimia petroli ndani ya kabureta, inamwaga kama ilivyozoea. Utaona moshi mweusi, utasikia harufu ya petroli kwenye eksosi, na plagi zitatoka nyeusi na kavu, zimejaa masizi. Dawa ni jeti kuu ndogo zaidi, na jeti ile ya zamani uiweke kwenye bahasha yenye jina la mji wake. Injini ya injeksheni hujirekebisha yenyewe, mradi sensa ya hewa ni safi. Ikitoa moshi mweusi Nakuru, usiusingizie mwinuko. Anza na sensa ya hewa, kisha sensa ya oksijeni.

Turbo huficha upungufu huu, lakini si bure. Lazima izunguke kasi zaidi kufikisha shinikizo lilelile, na hewa inatoka ikiwa moto zaidi. Mtu anayeongeza busti, yaani shinikizo la turbo, Nakuru ili kurudisha nguvu alizoziacha Kisumu, bila kupima mchanganyiko wa petroli na hewa, anazichezea kamari pistoni zake. Ukisikia mlio mkavu wa kugonga injini inapobeba mzigo, ondoa mguu na urudi.

Ikiwa gari lako pekee ndilo halina nguvu, kuna vyanzo viwili ambavyo watu hupita bila kuviangalia. Cha kwanza ni klachi inayoteleza: sauti ya injini inapanda, kasi haipandi, na harufu ya kuungua inakufikia ukiwa kona ya pili. Cha pili ni breki iliyoshika. Gari likirudi, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa moto kuliko pacha wake wa upande wa pili, kaliper yake hairudi. Kwa Starlet na Probox zenye breki za dramu nyuma, angalia pia kebo ya handibreki, hasa baada ya siku ya tope.

Linakohoa au linakatika

Likikohoa kwenye kona ndefu na kupona ukinyoosha, tazama geji ya mafuta. Tangi likiwa chini ya robo, petroli hukimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Dalili hii huwa na mwelekeo: gari linakohoa kona za kushoto pekee au za kulia pekee. Jaza hadi nusu tangi ujaribu tena. Lita kumi za petroli zina uzito wa kilo saba na nusu hivi, bei ndogo mno ya kumalizia mbio.

Likififia mwisho wa sehemu iliyonyooka, injini ikiwa juu na mguu umezama, mafuta hayafiki kwa kiasi kinachohitajika. Filta ya petroli kwanza, kisha kichujio kilicho mdomoni mwa pampu ndani ya tangi, kisha pampu yenyewe na waya inayoilisha. Wanaobeba petroli ya akiba kwenye mitungi ya plastiki wachuje kila wanapomimina; mitungi hiyo hukusanya mchanga na maji bila mtu kuona. Kwenye gari la turbo, dalili hiyohiyo inaweza kutoka kwenye plagi: busti ikipanda, cheche inashindwa kuruka mwanya. Punguza mwanya hadi milimita 0.7 hivi kabla hujanunua koili mpya.

Likikatika unapovuka matuta, ni waya. Mara nyingi sana ni waya. Shika teminali ya betri na uizungushe kwa mkono: ikicheza hata kidogo, umempata mwizi. Kisha fuata waya ya ethi hadi inapofungwa kwenye bodi, fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, funga tena. Injini ikiwa inanguruma taratibu, tikisa mafungu ya waya moja moja ukisikiliza. Betri nayo ifungwe kwa chuma na nati. Kamba ya mpira haitoshi, na mkaguzi mwenye macho atakurudisha langoni.

Likizima likiwa moto, likakataa kuwaka, kisha likawaka vizuri baada ya robo saa kana kwamba hakuna lililotokea, shuku sensa ya krenki au koili. Vitu hivi huvunjika ndani kwa joto na kuungana vikipoa. Weka kitambaa chenye maji baridi juu ya sensa. Gari likiwaka mara moja, huna haja ya kutafuta zaidi.

Linachemka

Hapa ndipo mwinuko wetu unapouma, na hapa ndipo ushauri wa barabarani unapoharibu injini nyingi.

Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzijoto 100 pwani. Nakuru yanachemka kwa 94 hivi, Eldoret 93. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizuri cha bar 1.1 hushikilia shinikizo ndani, na maji ya Nakuru hayachemki hadi yakaribie nyuzijoto 119. Sasa fikiria kifuniko ambacho mpira wake umekauka na kupasuka. Thamostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 82. Kati ya hapo na 94 una nafasi ndogo sana, na gari la mbio huipita kwenye mzunguko wa pili. Mtu anabadilisha rejeta, anabadilisha pampu ya maji, anabadilisha feni, na tatizo liko kwenye kitu kinachotoshea mfukoni. Kifungue gari likiwa baridi kabisa, tazama mpira wake, bonyeza springi yake. Ukitia shaka, nunua kipya chenye namba ileile.

Kisha uliza lini. Joto likipanda gari limesimama kwenye foleni ya kuanza na kushuka likikimbia, ni feni: fyuzi, relei, au mota iliyochoka. Likipanda gari likisukumwa na kushuka haraka dereva anapolegeza mguu, rejeta haipitishi joto la kutosha, ama ndani imeziba kwa kutu ama nje imeziba kwa uchafu. Likipanda na halishuki hata ukilegeza, maji yamepungua au hayazunguki.

Hiyo ya uchafu wa nje inastahili kuangaliwa kwa karibu. Piga magoti mbele ya gari uchungulie kwa tochi kati ya kondensa ya eyakondishena na rejeta. Kwenye viwanja vya nyasi utakuta mbegu na majani makavu yamelala hapo yakiwa tabaka zima, mahali ambapo ukitazama kutoka mbele au nyuma huoni chochote. Kwa wa Kisumu, na hasa waliokimbia kwenye udongo mweusi wa Kano baada ya mvua ya alasiri, tope hupenya kwenye mapezi ya rejeta na kukauka kama saruji. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yenye shinikizo dogo. Ukipiga maji kutoka mbele unaushindilia uchafu, na ukitumia mashine ya kuoshea magari kwa karibu unayalaza mapezi.

Thamostati isiondolewe. Najua ushauri huo umeenea gereji nyingi, na najua gari huonekana limepona kwa siku chache. Lakini kwenye injini nyingi thamostati ina kazi ya pili: ikifunguka, inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi. Asubuhi ya baridi ya Nakuru injini haipati joto lake, na mchana mbioni sehemu ya maji yako haioni rejeta hata kidogo. Weka mpya, ijaribu kwanza ndani ya sufuria ya maji jikoni uone ikifunguka.

Kipimo cha gasketi ya hedi ni rahisi na kinafanywa asubuhi. Washa injini baridi, subiri dakika moja, finya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa umekaza wakati maji bado ni baridi, hilo si shinikizo la joto. Ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Tazama na chupa ya akiba: mapovu yanayoendelea kuja bila kukoma yanathibitisha. Gari hilo lisiingie uwanjani siku hiyo, hata kama umeshalipa kiingilio.

Wenye Subaru wajaze maji polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, kwa sababu hewa hujificha ndani ya injini hizi na kuleta joto la ghafla lisilo na maelezo. Na kila gari, la turbo hasa, lipewe mzunguko mmoja wa taratibu wa kupoa kabla ya kurudi kwenye kivuli. Kuzima injini papo hapo baada ya kuisukuma kunaliacha joto lote likae pale lilipo. Kifuniko cha rejeta iliyo moto hakifunguliwi, na asiwepo mtu wa kukushurutisha.

Breki zimekwisha

Dereva akirudi akisema, "Fundi, breki hakuna," usikubali jibu hilo likae hivyo. "Pedali ilizama, kijana wangu, au ilikuwa ngumu?" Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani.

Pedali iliyozama hadi chini, kisha ikarudi gari lilipopoa, inakuambia mafuta ya breki yalichemka. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Madaraja yake huandikwa DOT kwenye kopo. Kiwango cha chini cha kuchemka cha DOT 3 mpya ni nyuzijoto 205, lakini yakishapata maji hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kaliper ya gari dogo linalokimbizwa hupita 140 bila jasho. Likitengenezwa povu ndani ya mabomba, mguu wako unaminya mvuke, na mvuke hubonyea.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa ambalo ningelifanya kwa gari lolote linalokwenda uwanjani, kabla ya rimu mpya, kabla ya eksosi, ni kubadilisha mafuta ya breki yote. Funga mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye nipo ya kaliper, ile skrubu ya kutolea mafuta, uingize kwenye chupa, mwenzako akanyage pedali taratibu. Mafuta ya zamani yatatoka na rangi ya chai ya rangi, wakati mwingine na chembe nyeusi za mpira. Endelea hadi yawe ya manjano mepesi kama yalivyo kwenye kopo, na usiruhusu chombo cha juu kikauke katikati ya kazi, maana utavuta hewa na kuanza upya. Kopo liwe jipya, halijafunguliwa. Lile la nusu lililokaa rafuni tangu mwaka jana tayari limekunywa unyevu. DOT 5 ya silikoni ni kitu kingine kabisa licha ya namba yake, na haichanganywi na hizi. Impreza nyingi za turbo hutumia mafuta haya kwenye klachi pia, kwa hiyo yabadilishe huko vilevile.

Pedali ngumu, mguu umekaza, na gari halisimami: hapo mafuta ni mazima, pedi ndizo zimezidiwa na joto. Utasikia harufu kali, na ukizitoa uso wake umeng'aa. Pedi za kawaida za mjini hazikutengenezwa kwa kazi hii. Pedi mpya za mbio nazo zinataka kuzoeshwa kabla ya shindano: breki kama nane hadi kumi kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20, bila kusimama kabisa, kisha uendeshe taratibu zipoe. Ukisimama zikiwa moto, zinaacha alama kwenye diski, na baadaye utahisi pedali ikitetemeka na kuambiwa diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda, ni masalia ya pedi yaliyoganda bila usawa.

Kuna dalili ya tatu ambayo huwatisha watu: pedali inazama mara ya kwanza, ukikanyaga mara ya pili inashika vizuri. Angalia beringi za magurudumu. Beringi iliyolegea huiacha diski iyumbe kwenye kona, diski inazisukuma pedi nyuma, na mguu wako unatumia mkanyago mzima kuzirudisha. Inua gari, liweke juu ya stendi wala si juu ya jeki pekee, shika tairi juu na chini ulitikise. Kama beringi ni imara, angalia marekebisho ya breki za dramu nyuma.

Gari linalovuta upande mmoja ukifunga breki lina kaliper iliyoganda au mpira wa breki uliovimba ndani. Mpira kama huo nje unaonekana mzima. Badilisha yote miwili ya mbele kwa pamoja.

Na ukirudi kutoka uwanjani breki zikiwa moto, usivute handibreki. Weka gia, tia jiwe chini ya tairi.

Linatetemeka

Kama lilianza ghafla baada ya kupita kwenye tope, piga magoti utazame ndani ya rimu. Donge la tope lililoganda upande mmoja hutikisa usukani kiasi cha mtu kudhani tairodi imekatika. Likwangue, umemaliza.

Kama halikuanza kwa tope, simama sasa hivi na uangalie nati za magurudumu. Toyota nyingi ndogo hufungwa kwa Nm 103 (Nm ni newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na spana sahihi ni ile ya kupimia inayolia "klik" ikifika. Kukanyagia wilispana kwa mguu kunanyoosha boliti hadi siku moja zikatike. Funga nati gari likiwa baridi, kisha rudia baada ya mzunguko wa kwanza wa mchana rimu zikipoa. Rimu mpya hulegea kidogo mara ya kwanza.

Aina ya nati ni muhimu sawa na nguvu ya kuifunga, na sioni watu wakilizingatia. Rimu nyingi za aloi za Toyota za kiwandani hutumia nati zenye washa bapa. Rimu nyingi za kununua madukani hutaka nati zenye mdomo wa pembe. Ukichanganya, nati inakalia ukingo mdogo tu wa chuma. Utaifunga ikaze, na itafunguka mbioni. Rimu za mitumba pia zina mtego wa tundu la kati. Habu ya Toyota ndogo ni milimita 54.1, ya Subaru 56.1. Rimu ya Subaru ikivishwa Toyota yenye matundu yanayolingana inaingia ikiwa na mwanya wa milimita mbili, haikai katikati, na inatetemeka hata ukiibalansi mara kumi. Tia ringi ya kujaza mwanya huo. Kinyume chake, rimu ya Toyota kwenye Subaru, haiingii, na asije mtu akailazimisha kwa nyundo.

Kona: pua inagoma au mkia unatoroka

Pua ikigoma, gari linakwenda mbele badala ya kukata kona; mkia ukitoroka, nyuma inateleza nje. Gawa kona mara tatu: kuingia, katikati, kutoka. Pua ikigoma kuingia, dereva amefika na kasi kubwa au ameachia breki mapema mno uzito ukarudi nyuma. Pua ikigoma wakati wa kutoka kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, mguu umewahi mafuta. Hayo ni ya dereva na hayatibiwi kwa spana. Ikigoma katikati, mguu ukiwa umetulia, hapo ndipo uanze na tairi.

Upepo wa tairi hupanda kwa joto, kama psi moja kwa kila nyuzijoto tano au sita. Kipimo cha asubuhi hakikuambii tairi lina ngapi mbioni. Lipime likirudi, moto, ndani ya dakika moja, kwa geji yako mwenyewe ileile kila mara, kwa sababu geji za vituo vya petroli hazikubaliani. Njia rahisi ya kusoma tairi la lami ni chaki: chora mistari kutoka kwenye uso wa tairi kushuka ubavuni, kimbia mizunguko miwili, utazame ilifutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, tairi linalala, ongeza upepo. Ikibaki kwenye ukingo wa uso, upepo umezidi, punguza. Fanya hivyo psi mbili mbili, pua ikigoma ushughulikie mbele, mkia ukitoroka ushughulikie nyuma.

Kwenye murram usifuate hamu ya kupunguza sana. Tairi laini hushika vizuri hadi liguse jiwe, kisha linang'oka kwenye rimu au rimu yenyewe inapinda.

Mkia ukitoroka upande mmoja tu, acha upepo na uende kwenye shokomzoba inayovuja, springi iliyokatika, au bushi iliyokufa nyuma upande huo.

Taa ya oili

Ikimweka kwenye kona, hata nusu sekunde, rudi. Oili imekimbilia ubavuni mwa sampu, bakuli la oili chini ya injini, na pampu imevuta hewa. Pima kwa fimbo kwenye ardhi tambarare; kwa mbio oili ikae kwenye alama ya juu, si katikati. Ikiwa imejaa na bado inamweka, sampu inahitaji vizuizi vya ndani, na hadi viwekwe gari hilo halina kazi kwenye kona ndefu. Beringi za krenki za injini za Subaru hazisamehe hili.

Vumbi letu

Wanaoifuatilia Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, wameona vumbi la Naivasha na Elementaita linavyoyameza magari makubwa. Ni vumbi la volkano, jepesi na laini mno, na ndilo hilohilo unalolivuta wewe ukimfuata mwenzako uwanjani. Likipita filta linasaga pete za pistoni, na dalili yake, moshi wa bluu na oili inayopungua, huja miezi baadaye wakati hakuna la kuokoa.

Pima kwa kitambaa cheupe. Fungua mpira ulio kati ya filta na injini, ingiza kidole kilichofungwa kitambaa, zungusha ndani. Kikitoka na vumbi, filta imepasuka au haijakaa vizuri. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo wake kabla ya kufunga boksi, na ukaze kila klipu. Filta ya karatasi iliyochafuka ibadilishwe, isipulizwe kwa kompresa. Upepo ule unafungua vitundu usivyoviona. Filta za wazi zenye umbo la koni zinapendeza na zinanguruma vizuri. Kwa vumbi la Elementaita mimi siziweki kwenye gari la mtu.

Kabla ya langoni, na kabla ya kurudi

Siku moja kabla, toa kila kitu kinachoweza kuruka: spea, jeki, chupa za maji, mkeka wa chini ya miguu ya dereva. Hakikisha pedali ya mafuta inarudi yenyewe ukiiachia, kwamba kizimamoto kimefungwa kwa chuma na dereva anakifikia akiwa amejifunga mkanda, na kwamba ndoano ya kuvutia imefungwa tayari. Jaribu helmeti ukiwa umekaa kwenye kiti chako, si umesimama gereji.

Wengi wetu tunarudi nyumbani na gari lilelile. Tairi ulizopunguza upepo zikiwa moto zitashuka zaidi zikipoa, na barabara ya kupitia Mau Summit na Kericho si mahali pa kuligundua hilo usiku. Jaza upepo wa barabarani kabla hujaondoka uwanjani. Kaza nati mara ya mwisho. Ongeza maji na oili injini ikiwa imepoa. Kama umebakiza pedi za mbio, kumbuka hazishiki zikiwa baridi, kwa hiyo acha nafasi kubwa kati yako na lori la mbele, hasa mteremkoni na mvua ya Kericho ikiwa imeanza.